Ujumbe Umekwama Wapi?

Nilifuta sauti ya baba yangu kwa mkono wangu mwenyewe, nikiamini kwamba natengeneza simu.

Baba alifariki mapema mwaka 2019. Miezi yake ya mwisho vidole vilikuwa vikimtetemeka, kuandika akawa hawezi, basi akawa ananitumia ujumbe wa sauti kwa WhatsApp. Mmoja sekunde 6, mwingine dakika nzima. Hakuwa akisema makubwa: ameamka salama, dawa amekunywa, ndege wale wamerudi dirishani, nisisahau kumpigia dada. Baada ya msiba sikuwa na moyo wa kuzisikiliza sauti hizo. Nilijua zipo, na kujua tu kwamba zipo kulinitosha.

Wiki chache baadaye, jioni, ujumbe ukaanza kukwama. Kila nilichoandika kilibaki na alama ndogo ya saa pembeni, hakitoki. Nikazima data, nikaiwasha. Nikaweka hali ya ndege, nikaitoa. Nikazima simu nzima, nikasubiri, nikaiwasha. Alama ya saa ilikuwa palepale. Nikampigia dada, simu ikaita, akapokea, tukaongea vizuri tu. Nikaona basi mtandao upo, tatizo ni la programu. Nikaibonyeza kwa muda, nikaiondoa ili niiweke upya. Ndivyo kila mtu alivyokuwa akishauri, na sikuwahi kujiuliza ushauri ule unaweza kunigharimu nini.

Duka la programu likakataa kufunguka. Kivinjari nacho, kila ukurasa niliojaribu kilinionya kwamba muunganisho si salama. Sasa nikawa sina programu, na kuipakua tena siwezi.

Nina rafiki ambaye kazi yake ni kutengeneza simu. Nilimpigia nikamweleza yote kwa pumzi moja. Hakuuliza simu ni ya aina gani, wala toleo gani. Aliuliza: "Ndugu yangu, hebu angalia, simu yako inasema huu ni mwaka gani?"

Nililiona swali la ajabu. Skrini ya kufungulia ilionyesha saa, siku na mwezi, mwaka haukuwapo. Saa ilikuwa sawa, tarehe sawa. Jina la siku ndilo lililokuwa tofauti, na hilo sikulitazama. Nikaingia kwenye mipangilio: 2022. Mchana ule mpwa wangu alikuwa ameiazima simu. Kuna michezo ambayo ukishindwa mara kadhaa inakuambia usubiri ndipo ucheze tena, na watoto wameshagundua kwamba ukiisogeza tarehe mbele, mchezo unadhani muda umepita. Alisogeza, akacheza, akanirudishia simu kwa mikono miwili, "Ahsante mjomba."

Rafiki yangu alinieleza, na maelezo yale sijayasahau. Seva, yaani kompyuta ya mbali ambayo simu yako inaongea nayo, hujitambulisha kwa cheti cha usalama, na cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Simu hukikagua kwa kutumia saa yake yenyewe, haina nyingine. Saa hiyo ikiwa miaka mitatu mbele, vyeti inavyoonyeshwa vinaonekana vimekwisha muda zamani, na simu inafanya inavyotakiwa kufanya: inakataa kuongea na mtu asiyejulikana. Kumbe lile onyo la kivinjari ndilo lililokuwa jibu. Lilikuwa limeandikwa mbele ya macho yangu, nikalipita.

Nikaruhusu tarehe ijipange yenyewe kutoka kwenye mtandao, na ndani ya dakika moja kila kitu kikafunguka. Nikapakua programu, nikaingiza namba, nikapokea msimbo, nikaulizwa kama nirudishe nakala iliyohifadhiwa mtandaoni. Nikakubali haraka. Ndipo nikaisoma tarehe ya nakala yenyewe: ilikuwa ya miezi mitano nyuma. Hifadhi yangu ilijaa wakati huo na haikupokea tena kitu. Simu ilikuwa ikinikumbusha kwa arifa ambazo nilizoea kuzifuta bila kuzisoma. Miezi hiyo mitano ndiyo ambayo baba alikuwa akinitumia sauti. Upande wake pia hapakuwa na pa kutafuta. Simu yake tulikuwa tumeshaisafisha yote na kumpa binamu yetu.

Tangu siku ile sigusi simu ya mtu, yangu wala ya mwenzangu, kabla ya kujibu swali moja: ujumbe umekwama wapi?

Watu wengi hudhani ujumbe wa intaneti unaruka moja kwa moja kutoka simu hii hadi ile. Hauruki. Una safari tatu. Ya kwanza ni kutoka mkononi mwako hadi kwenye seva ya programu. Ya pili ni kutoka kwenye seva hadi kwenye simu ya unayemwandikia. Ya tatu ni fupi, lakini ndiyo inayozua malalamiko mengi: kutoka ndani ya simu yake hadi kwenye masikio na macho yake, yaani mlio na arifa. Kila safari ina alama yake. Kwenye WhatsApp, alama ya saa maana yake ujumbe haujatoka kwako. Tiki moja, umefika kwenye seva. Tiki mbili za kijivu, umefika kwenye simu ya mwenzako. Za bluu, ambazo zilianza kutumika Novemba 2014, ameufungua. Hizo mtu anaweza kuzizima, kwa hiyo kukosekana kwake hakuthibitishi lolote. Programu nyingine zina alama zao, lakini safari ni zilezile.

Ukishazijua, nusu ya kazi imekwisha kabla hujabonyeza chochote. Alama ya saa? Basi hakuna haja ya kumuuliza mwenzako kama simu yake ina shida. Shida iko kwako, au iko njiani baina yako na seva. Tiki moja? Simu yako haina kosa, iache. Nimeona watu wakizima na kuwasha simu zao mara kumi kwa sababu ya tiki moja, kama mtu anayefungua na kufunga mlango wake ili mgeni aliye safarini afike upesi.

Na kwa upande wako mwenyewe, jambo la kwanza ni kuacha kuamini kwamba simu ikiita basi mtandao upo. Hilo ndilo lililonipotosha jioni ile. Sauti ya kawaida na data ni huduma mbili, zinaweza kuachana. SMS nayo ni njia ya tatu: ya kwanza ilitumwa Desemba 1992, wakati hakuna aliyekuwa na intaneti mfukoni, na hadi leo inapita kwenye mtandao wa simu bila kuhitaji data. Kwa hiyo SMS ikienda, umejua kwamba laini yako iko hewani, basi. Ukitaka kujua kama data inafanya kazi, fungua tovuti ambayo hujawahi kuifungua kwenye simu hiyo, maana kurasa ulizozizoea zinaweza kuonyeshwa kutoka kwenye kumbukumbu ya simu zikakudanganya.

Wi-Fi ina udanganyifu wake. Alama inaonyesha umeunganishwa, mistari imejaa, lakini maana yake ni moja tu, kwamba simu yako inasikilizana na kile kifaa kilicho ukutani. Kama kifaa hicho chenyewe hakina njia ya kutoka nje, au kinasubiri ukubali masharti kwenye ukurasa fulani, ujumbe utakaa. Mara ngapi nimekaa kwenye chumba cha kusubiri nikilaumu programu, kumbe simu iliikumbuka Wi-Fi niliyoitumia mwaka uliopita ikajiunga nayo kimya kimya. Siku hizi nazima Wi-Fi, natumia data, naangalia. Ikienda, nimejua. VPN, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine, iliyosahaulika ikiwa imewashwa nayo naitafuta kwa njia hiyohiyo.

Nasisitiza kubadilisha kitu kimoja, kuangalia, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha vitano kwa pamoja na ujumbe ukaenda, hujajifunza kitu, na wiki ijayo utaanza upya.

Simu ya mama ndiyo iliyonifundisha safari ya pili. Nilikuwa nikimwandikia asubuhi, tiki moja. Mchana, tiki moja. Jioni ghafla tiki mbili, na jibu linakuja: "Mwanangu, mbona simu imelia sasa hivi tu?" Nikaenda nikakaa naye. Nikaiweka simu yake mezani, skrini ikazima, nikaiacha kwa muda tukizungumza mengine. Nikamtumia neno moja kutoka kwenye simu yangu. Kimya. Nikatuma jingine. Kimya. Nikamwambia, "Mama, ishike sasa, fungua ile programu." Alipoigusa, mlio ukafuata mlio, zote kwa pamoja.

Ujumbe unaosubiri mpaka mwenye simu aifungue programu una sababu ambayo mara nyingi ni moja: simu inalinda betri. Android 6.0 ya mwaka 2015 ilileta utaratibu ambao simu ikiwa imetulia, skrini imezimwa na haiko kwenye chaji, inazilaza programu na kuzikatia mtandao, kisha inaziamsha mara mojamoja. Ujumbe uliopewa kipaumbele una mlango wake wa kupitia hata wakati huo, ndiyo maana simu nyingi zinalia vizuri. Lakini baadhi ya watengenezaji wameongeza ulinzi wao juu ya huo, mkali zaidi, na programu inalazwa kabisa. Juu ya hayo mama alikuwa amewasha kiokoa betri tangu siku aliyoinunua simu, kwa kuwa aliambiwa kinaitunza. Na kila usiku alikuwa akizifagia programu zote kutoka kwenye orodha ya zilizofunguliwa, na kuna simu ambazo ukifagia hivyo ni sawa na kuisimamisha programu kwa lazima. Haitapokea kitu hadi uifungue mwenyewe.

Hatukufuta chochote. Tuliingia kwenye mipangilio, sehemu ya programu, tukaichagua ile ya ujumbe, tukafungua betri, tukaruhusu ifanye kazi bila vizuizi. Tukahakikisha pia kwamba imeruhusiwa kutumia data ikiwa nyuma ya pazia. Kiokoa betri tukakizima. Kisha tukarudia jaribio lilelile: simu mezani, skrini imezima, tumezungumza kwa muda, nikatuma neno. Ikalia. Mama aliitazama, halafu akanitazama mimi, akasema, "Kumbe siku zote hizi nilikuwa sipuuzi mtu." Dada zake walikuwa wamemlalamikia mwaka mzima kwamba haitikii salamu.

Hilo linanileta kwenye tiki moja na chuki inayoweza kuzaa. Dada yangu alimwandikia kaka yetu mkubwa juu ya jambo zito la familia. Tiki moja, wiki nzima. Picha yake kwenye programu nayo ilikuwa haionekani. Dada akahitimisha kwamba amefungiwa. Wiki ya pili akaacha kabisa kulitaja jina lake. Nilipomuuliza kama amempigia simu ya kawaida, alisema hapana, hawezi kumpigia mtu aliyemfungia. Nikapiga mimi, haipatikani. Nikampata kupitia mwenzake wa kazini. Simu yake ilikuwa imeanguka kwenye maji, yuko mbali, anasubiri kuitengeneza, na picha alikuwa ameiondoa mwenyewe muda mrefu uliopita. Siku ya 16 aliipata simu, na ujumbe wote wa dada ukaingia kwa mpigo, pamoja na ule wa mwisho ambao dada alitamani usingeingia. WhatsApp huhifadhi ujumbe ambao haujafika kwa siku 30, kisha huufuta.

Tiki moja inaweza kuwa kufungiwa, ndiyo. Inaweza pia kuwa simu iliyozimwa, iliyoharibika, isiyo na data, au programu iliyoondolewa. Ukiwa nje huwezi kutofautisha, na hiyo ni makusudi, ili anayemfungia mtu asijulikane. Kama jambo ni zito, tafuta njia nyingine ya kumfikia kabla ya kuyaamini maana unayoyatoa kwenye alama ndogo ya kijivu. Hili nalisema kwa uchungu, maana wale wawili ilichukua muda mrefu kupatana kuliko muda ambao simu ilikaa majini.

Kuna siku ambazo kosa haliko kwako wala kwa mwenzako. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp ziliondoka hewani duniani kote kwa takribani saa sita; kampuni ilieleza kwamba chanzo kilikuwa mabadiliko ya mipangilio kwenye vifaa vinavyounganisha vituo vyake vya data. Hakuna simu ambayo ingetengenezeka siku hiyo kwa kuzimwa na kuwashwa. Dalili za siku za namna hiyo zinafanana: tovuti nyingine zinafunguka, programu nyingine zinapokea, lakini kila unayemuuliza, anayetumia mtandao wako na asiyeutumia, amekwama palepale. Katika siku mojawapo kama hiyo shemeji alinipigia akiwa ameshafika kwenye kitufe cha kuondoa programu. Nilimwambia, "Shemeji, nakuomba, toa kidole." Nadhani sauti yangu ilimshtua, kwa sababu aliniuliza kama niko salama.

Mengine nayapita upesi. Maandishi yakiingia lakini picha hazifunguki, angalia nafasi iliyobaki kwenye simu. Ikikaribia sifuri, hakuna pa kuziweka. Ujumbe ukiwa umeshaingia lakini simu haikulia, hiyo ni safari ya tatu: angalia arifa, angalia kama umewasha hali ya usinisumbue, angalia kama mazungumzo hayo uliwahi kuyanyamazisha. Programu ikiwa ya zamani mno, isasishe. Kuisasisha hakufuti kitu. Kufuta kache, yaani faili za muda za programu, nako hakugusi mazungumzo. Kufuta data ya programu ni jambo jingine kabisa, ingawa vitufe viwili hivyo vimekaa karibu karibu, na ningependa kila mtu asome mara mbili kabla ya kubonyeza.

Na mtu akijitokeza kukusaidia kwa kukuomba msimbo wa tarakimu sita uliokuja kwa SMS, mkatalie, hata kama anatumia namba ya mtu unayemjua. Msimbo huo ndio ufunguo wa akaunti yako. Anayeupata anaihamishia kwenye simu yake, na kinachofuata ni ndugu zako kuombwa pesa kwa jina lako. Mama aliombwa hivyo wiki ileile tuliyotengeneza simu yake. Alisema walimwita kwa jina. Tulimwekea PIN ya hatua ya pili, namba ya siri inayoulizwa baada ya msimbo huo, tukaiandika kwenye daftari lake la dawa, mahali anapopaangalia kila siku.

Kuondoa programu na kuiweka upya bado nafanya, sikatai. Lakini ni hatua ya mwisho, na kabla yake nafungua sehemu ya nakala ndani ya mipangilio, nasoma tarehe. Kuona tu kwamba kuhifadhi kumewashwa hakunitoshi. Natafuta tarehe yenyewe na saa yake. Ikiwa si ya leo, nahifadhi sasa hivi na kusubiri hadi imalizike. Mazungumzo yaliyokwishafika hayakai kwenye seva ya WhatsApp yakikungoja. Yako kwenye simu yako, kwenye simu ya mwenzako kama hajayafuta, na kwenye hiyo nakala. Zile sauti ambazo siwezi kuzikosa nazitoa kabisa nje ya programu, nazihifadhi kama faili na kuzinakili kwenye kompyuta.

Miezi kadhaa baada ya kupoteza zile za baba, dada alikuwa akipunguza vitu kwenye simu yake. Akakuta sauti moja ambayo niliwahi kumpelekea, nami sikukumbuka hata kidogo kama niliipeleka. Hakuandika maelezo, alinitumia tu. Ni sekunde 41. Baba anasema ndege wamerudi dirishani, wawili, mmoja ana ukucha uliovunjika. Anakohoa kidogo. Kisha anauliza, kwa sauti ya chini, kama hiki kitu bado kinarekodi.